Mtu Aliyelazwa Mbele ya Bendera

Kuku akikatiza mlangoni mwa tanuri la shaba upande wa kushoto, alitokea upande wa kulia akihitaji chumvi tu. Ndivyo walivyosema wanaume wa tanuri pale Lubumbashi, na Kapya, aliyekuwa amezeeka mbele ya mdomo wa moto ule akiwa na upondo mrefu wa chuma mikononi, hakuwahi kuwakanusha. Alichojua kwa hakika ni kwamba mtu akitoka pale, ngozi yake inawaka kwa mguso, na mishipa ya mikono imevimba na kutokeza kama mizizi ya mti uliooshwa na mvua. Ukiweka kidole juu ya mshipa mmoja unausikia unagonga. Mwili wote unagonga, kama nyumba yenye wageni kila chumba.

Aliyefanya naye kazi bega kwa bega, na aliyekuwa jirani yake kambini, ukuta kwa ukuta, ni Mukuka. Mukuka alikuwa mrefu kupita kiasi. Nyumba za kampuni hazikujengwa kwa watu wa namna yake, kwa hiyo kila siku aliingia kwake akiwa ameinama kama mtu anayeomba msamaha, na Chileshe, mke wake, alikuwa anamjibu toka jikoni: "Nimekusamehe, ingia." Wanaume wa tanuri walimpenda. Alikuwa na nguvu za kuinua peke yake kitu ambacho wengine walikiitia mwenzao.

Miaka ile ilikuwa ya Chama kimoja, na Chama kilikuwa na bendera, na bendera ilikuwa na wimbo. Jumamosi zamu ikiisha, watu wa tanuri hawakwenda nyumbani. Walipelekwa uwanjani wakiwa na jasho lao, wakapangwa mistari, wakaimba, wakapiga makofi, kisha ikafika saa ya kupandisha bendera. Hapo hakuna kutikisika. Mwenye baiskeli barabarani alishuka akasimama. Mama mwenye beseni la mihogo kichwani alisimama. Wanasema hata mbwa mmoja, aliyekuwa ameinua mguu penye ukuta, alingoja wimbo umalizike ndipo amalize haja yake, na kapita, msimamizi wa zamu, akamsifu kwamba yule ni raia kupita wengi.

Siku ya kwanza Mukuka alipoanguka, ilikuwa katika wimbo huo. Hapakuwa na kelele. Kapya alimwona rafiki yake akipiga miayo, mara moja, mara ya pili, kama mtoto mwenye usingizi. Halafu uso wake ukawa wa majivu. Halafu ule urefu wote ukashuka, magoti kwanza, kisha kifua, na kofia yake ya kazi ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha kapita Donat.

Donat hakuinama kuiokota. Wimbo ulikuwa bado. Mpaka mstari wa mwisho ulipoimbwa, Mukuka alikuwa amekwisha kufungua macho, anatazama mbingu, anauliza nani amemsukuma.

Kesho yake Donat aliwaita Mukuka na Kapya kando ya ofisi. Hakuwa mtu mbaya, Donat; alikuwa mtu mwenye watoto wengi na mabosi wengi.

"Citoyen Mukuka," alisema, "bantu ba Chama banauliza. Mara moja nimebaambia ni ugonjwa. Mara ya pili batasema ni siasa."

"Siasa gani, kapita? Nilianguka."

"Ulianguka wakati wa bendera. Hukuanguka wakati wa kula bukari." Donat alishusha sauti. "Ukianguka tena, batakuja na jeep. Na nyumba ya kampuni batapatia mwingine. Fikiria bibi yako, Chileshe."

Kapya alimpeleka Mukuka zahanati. Pale alikuwako muuguzi, Mama Hortense. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, na kwenye karatasi zake aliandikwa jina la bibi yake mzaa baba, lakini wagonjwa hawakulijua jina hilo na homa pia haikulijua, basi akabaki Mama Hortense. Alimpima Mukuka akiwa amelala, akampima akiwa amesimama. Akamwambia asimame vivyo hivyo, asitikisike, naye akaendelea kuosha vyombo vyake. Baada ya kitambo alimpima tena, akatikisa kichwa.

"Keti, mulefu. Haujapata kitu. Moyo yako iko muzuri."

"Basi juu ya nini ninaanguka?"

Mama Hortense alishika kidole gumba cha Mukuka, akaubana ukucha. Ukawa mweupe. Akaachia, wekundu ukarudi.

"Unaona? Mushipa haiko bomba ya chuma. Iko nyama. Inajifunga, inajifungua, hata haikuulize weye. Damu ya muntu haiwezi kujaza mishipa yote mara moja, iko kidogo kwa ile kazi yote. Kwa hiyo mwili unagawa. Ukikula, inafungua kwa tumbo. Ukisikia baridi, inafunga kwa ngozi. Kambini kwenu, ile bomba ya maji ya mwisho, kule juu, asubuhi inatoa maji?"

"Inatoa pumzi tu," alisema Kapya. "Inapiga mluzi."

"Juu ya nini?"

"Juu bamama ba kule chini bote bamefungua zao."

"Voilà. Kichwa ya Mukuka njo ile bomba ya juu. Na yeye kichwa yake iko mbali sana." Alipima kwa mkono kutoka kifuani mwa Mukuka hadi utosini, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Kwa tanuri, ngozi inafungua mishipa yake yote, inatafuta kutupa joto inje. Ile ya miguu pia inalegea. Ukitembea, nyama ya miguu inakamua damu, inairudisha juu. Sasa bakikusimamisha sawa muti, nani atakamua? Damu inabaki chini. Moyo inakimbia, inakimbia. Kisha inafika pahali inashindwa kubishana: inapunguza mwendo, na mishipa inalegea yote pamoja. Pale muntu anaenda chini."

"Dawa iko wapi?" aliuliza Mukuka.

"Kunywa maji mingi na chumvi kidogo. Kanyaga vidole ndani ya kiatu, kaza miguu, kaza matako, hata bendera haitaona." Halafu alimgeukia Kapya, kana kwamba maneno yaliyobaki hayakuwa ya mgonjwa. "Na akianguka, mumuache chini. Munyanyue miguu yake. Kuanguka haiko ugonjwa, Kapya. Mwili inaona damu haipandi, basi inaleta kichwa kule damu iko. Iko na akili. Lakini musimusimamishe. Muntu mwenye kushikiliwa wima bila damu kwa kichwa, anaweza kufa angali anasimama."

Walipofika kambini Mukuka alisema: "Yule mama anajua damu. Chama haijui."

Jumamosi zilizofuata alikunywa maji mpaka tumbo likalia kama debe. Alikanyaga vidole. Alikaza kila alichoambiwa akaze, na Kapya, aliyesimama kando yake, aliona makalio ya suruali ya rafiki yake yakicheza wakati wa wimbo, akauma midomo asicheke mbele ya taifa. Dawa ilifanya kazi. Mukuka alianza tena kuimba kwa sauti.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa Kinshasa atafika kusalimu wafanyakazi. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Lubumbashi inangojea mvua na mvua inajifanya haijui mji uko wapi. Uwanja ulifagiliwa. Mawe ya pembeni yalipakwa chokaa. Donat alikuja mwenyewe kuwapanga watu wa tanuri mstari wa mbele, kwa sababu mkubwa alitaka kuona, alisema, mikono inayopika shaba.

Kapya alimvuta kando.

"Kapita, mutie Mukuka nyuma. Penye ukuta. Kule anaweza kutikisa miguu."

"Mwenye urefu vile? Batauliza ule mulingoti unajificha juu ya nini." Donat alifuta jasho shingoni. "Kapya, nikimuficha Mukuka, nani atanificha miye?"

Basi wanaume walipanga lao. Aliyelileta ni Kasonde, mtu wa mikono minene aliyekuwa akifungua mdomo wa tanuri. Mukuka asimame katikati, alisema Kasonde. Yeye kulia, Kapya kushoto. Wakati wa bendera mkono mmoja wa kila mtu upite nyuma, ukamate mkaba wa Mukuka, mkanda wake wa kiunoni. Akilegea, wanamshikilia. Mbele, mkubwa ataona wanaume watatu wamesimama sawasawa. Mkaba wa Mukuka ulikuwa wa ngozi, wa kazi, ungeweza kuvuta lori.

"Ile mama munganga alikataza," alisema Kapya.

"Mama munganga hatalala mu jeep," alijibu Kasonde.

Wengine waliitikia. Kapya aliwaeleza bomba la juu na bomba la chini, akaeleza mishipa inayolegea, lakini maneno yale, yaliyokuwa wazi kinywani mwa Mama Hortense, kinywani mwake yalikuwa kama hadithi ya kuku na chumvi. Wakacheka. Na huenda angeendelea kubishana, lau si Mukuka mwenyewe.

Mukuka alimfuata nyuma ya nyumba, pale Chileshe alipokuwa amewasha jiko la mbabula, makaa yanapiga cheche. Alimkamata bega.

"Ndugu yangu, sikia. Kule kwetu hatuna shamba tena. Tata alikufa, banduguye bakakula yote. Bakininyanganya ile nyumba, Chileshe analala wapi? Weye unishike. Usiniache nianguke. Apa."

"Mukuka..."

"Apa, Kapya."

Chileshe alikuwa anapuliza makaa, hakugeuka, lakini aliacha kupuliza. Kapya aliapa.

Siku ilipofika, zamu ilikuwa nzito. Tanuri lilikuwa limelishwa kupita kawaida ili mkubwa aonyeshwe shaba ikimiminika. Wanaume walitoka wamevimba mishipa mpaka kope. Maji ya kunywa waliahidiwa uwanjani. Uwanjani waliambiwa maji ni ya wageni.

Wakasimama. Mkubwa hakuwa amefika. Wakasimama tena, ikiwa kusimama kunaweza kufanywa mara mbili. Jua lilipanda mpaka kila mtu akawa amekanyaga kivuli chake mwenyewe. Inasemekana siku ile chokaa ya mawe ilichubuka na kutafuta kivuli, nayo ni habari ambayo hakuna aliyeipinga. Wacheza ngoma wa Chama walicheza, wakachoka, wakacheza. Mukuka alikanyaga vidole vyake. Kapya alimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, kisha akasikia hesabu inakosea, inarudi nyuma.

Hatimaye magari. Mkubwa alishuka na koti lake la abakosti lililopigwa pasi mpaka kola inakata, akapanda jukwaani, na bila kupumzika bendera ikaanza kupanda na wimbo ukaanza nao.

Mukuka akapiga mwayo.

"Kaza miguu," alinong'ona Kapya. "Kaza, ndugu."

"Nimekaza. Haziko." Alimaanisha miguu. "Kapya, wimbo iko mbali."

Kapya alitupa jicho bila kugeuza shingo. Jasho lilikuwa bado linatiririka usoni mwa Mukuka, ila uso chini yake haukuwa tena wa mtu aliyetoka kwenye moto. Ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka rangi. Mkononi, ile mishipa iliyokuwa imesimama kama mizizi ilikuwa imezama. Ngozi laini, kana kwamba haijawahi kuwa na kitu ndani. Kisha uzito ukaja. Ulikuja wote pamoja kwenye ngumi yake iliyoshika mkaba, na upande wa pili Kasonde akaguna, akapanua miguu, akashikilia.

Walimshikilia. Kwa mbele, kweli, walikuwa wanaume watatu waliosimama. Mmoja wao tu kidevu chake kilikuwa kifuani.

Ubeti wa kwanza ulipita. Kapya aliimba, kwa kuwa asiyeimba anaonekana. Alikuwa akingoja ule wakati wa mara ya kwanza, Mukuka alipofungua macho na kuuliza nani amemsukuma. Haukuja. Mara ile alikuwa chini. Sasa kichwa chake kilikuwa juu, mbali, bomba la mwisho kabisa la kambi, na wao wawili ndio walioliinua huko. Mkono wa Mukuka ukaanza kuruka. Bega likaruka. Koo likatoa mlio wa mtu anayekoroma akiwa mahali ambapo hakuna usingizi.

"Muachilie," alisema Kapya katikati ya neno la wimbo.

"Uko na wazimu?" Kasonde hakugeuza macho. "Ni ubeti moja tu. Shika!"

"Anakufa, Kasonde."

"Shika! Uliapa!"

Ngumi ya Kasonde ilikuwa imejifunga kwenye ngozi ile kama koleo. Hapakuwa na mtu wa kuifungua. Kapya alitazama bendera. Ilikuwa imefika nusu ya mlingoti. Kisha akafanya kitu ambacho watu wa kambi walikisimulia miaka mingi, kila mmoja kwa kiasi chake cha chumvi. Alipeleka mkono wake mwingine mbele, kwenye tumbo la rafiki yake, akafungua kifungo cha mkaba.

Mkaba ukachomoka. Kasonde akabaki ameushika hewani kama mtu aliyekamata nyoka kwa bahati mbaya. Mukuka akashuka kwa urefu wake wote, suruali ikabaki magotini, na Kapya akashuka naye, kiganja chini ya kichwa chake kisipige mawe. Alimlaza chali. Akaikamata miguu ile mirefu, akaipandisha begani mwake, buti zote mbili za tanuri zikaelekea juu, kule bendera ilikokuwa inakwenda.

Wimbo haukukatika, kwa maana hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kunyamaza. Ila ulipungua sauti, kama maji ya kambini asubuhi. Kapya alipiga magoti amekumbatia miguu, anatazama uso. Hakutazama jukwaa. Kuruka kwa bega kulikoma. Koo likanyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha kuliko mlio. Halafu, kwenye midomo, ikatokea rangi. Kidogo sana, kama ukucha uliobanwa ukaachiwa. Ikapanda mashavuni. Mukuka akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetoka chini ya mto.

Bendera ilifika juu. Wimbo ukaisha.

Donat ndiye aliyekuja, kwa sababu ilikuwa lazima aje. Nyuma yake walikuja wengine ambao hawakuwa wa kiwandani.

"Nani amevua muntu suruali mbele ya bendera?" aliuliza mmoja wao. "Nani ameielekezea viatu?"

Kasonde alikuwa bado na mkaba mkononi. Alifungua mdomo, na Kapya aliona kwamba hakujua litakalotoka humo.

"Ni miye," alisema Kapya. "Miye moja."

"Juu ya nini?"

"Juu damu yake ilikuwa chini, mukubwa. Nimeipandisha."

Jibu lile liliwakasirisha, maana lilionekana kuwa na jambo ndani yake. Walimkamata mikono. Donat aliinama hatimaye, akaokota kofia ya Kapya iliyokuwa imeanguka, akajaribu kumpa, kisha akakumbuka macho ya watu yako wapi, akaishika nyuma ya mgongo wake. Mukuka, chini, alianza kujikusanya, kiwiko, goti, apate kusimama na kusema.

"Lala!" alimpigia kelele Kapya, akiwa anavutwa. "Lala, we mujinga! Ukisimama sasa unaanguka tena, na miye nitakuwa nimeenda bure!"

Mukuka akalala. Mama Hortense alikuwa amekwisha kufika akikimbia, akapiga magoti kumfunika kwa shuka, akamshika kifundo cha mkono. Jeep ikaondoka.

Walimwachia Kapya mvua zikiwa zimelikuta tena jiji. Alichokiona huko kifungoni hakukisimulia, yeye aliyekuwa na hadithi ya kila kitu. Alirudi amepungua meno na anatembea kwa upande. Kazi ya tanuri haikuwako tena. Nyumba ya kampuni ilikuwa ya mtu mwingine, na mke wake alikuwa amehamia kwa dada yake, njia ya Kasapa, chumba kimoja na bustani ya mboga za lengalenga. Mukuka walimwacha. Mtu aliyevuliwa suruali bila hiari yake, walisema, hana kosa la siasa; wakamhamishia ghala la vipuri, kivulini, na nyumba akabaki nayo.

Hakuja kumwona Kapya wiki ile, wala iliyofuata. Kasonde alikuja, akalia, akaenda. Chileshe alikuja na kuku, akaeleza mume wake ana kazi nyingi, naye alisema akitazama pembeni. Watu wa kambi walikuwa wakimtania Mukuka: mwenye suruali ya kushuka, mulingoti wa Chama. Watoto walimtungia wimbo wa dhihaka, na Kapya aliusikia mpaka huku Kasapa.

Alipokuja, ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Aliinama kupita mlangoni, lakini mlango wa huku ulikuwa mfupi zaidi, akagonga paji hata hivyo. Hakuketi alipokaribishwa.

"Ulivunja kiapo," alisema.

"Nilivunja."

"Bantu bananicheka. Bibi yangu ananiambia nenda umwambie aksanti. Ninatembea nakuja, nafika pale kwa kona, ninarudi." Alifuta uso kwa kiganja. "Kapya, iko kitu sijaambia muntu. Hata Chileshe."

"Sema," alisema Kapya.

"Mara ya kwanza nilianguka, nikaamuka, ni sawa usingizi. Ile siku haikuwa usingizi. Nilisikia weye unaimba. Kisha sikusikia weye. Nilisikia Kasonde, kisha hapana. Kisha hakukuwa hata giza, unaelewa? Giza ni kitu. Pale hapakuwa kitu." Alificha mikono yake mikubwa kwapani kama mtu wa baridi. "Niliishakwenda, yangu. Balikuwa banashikilia muntu mwenye kwenda. Na miye njo niliyebaambia banishike."

Kapya alisogeza kigoda kwa mguu wake mzima, karibu, karibu zaidi, mpaka kikagusa miguu mirefu ya Mukuka, na safari hii Mukuka akaketi.